Edgar Codd: Rubani Aliyeipanga Masjala ya Kompyuta

Askari yeyote aliyepata kutumwa masjala kutafuta jalada lililopotea aijua dhiki yake. Karani aliyelipanga kabati amehamishwa kikosi, na siri ya mahali lilipo jalada ameondoka nayo. Dhiki ya namna hiyo ilikuwamo ndani ya kompyuta za zamani, na aliyeiondoa ni mtu aliyepata kuvaa sare kama tuvaavyo sisi. Jina lake ni Edgar Frank Codd, na leo twapenda kuwasimulia wasomaji wetu habari za maisha yake.

Codd alizaliwa tarehe 19 Agosti, 1923, katika kisiwa cha Portland, kusini mwa Uingereza. Alikuwa kitinda mimba katika watoto saba wa mwenye kiwanda cha ngozi na mwalimu wa shule. Alikuwa akisoma hisabati na kemia katika Chuo Kikuu cha Oxford Vita Kuu ya Pili ilipokuwa imepamba moto. Kwa kuwa alikuwa mwanafunzi, angeweza kuahirishiwa utumishi wa jeshi. Yeye hakuitaka nafuu hiyo. Alijitolea, akawa rubani katika Jeshi la Anga, akirusha ndege kubwa za Sunderland, zile zituazo juu ya maji, ambazo zililinda misafara ya meli na kuwinda nyambizi za adui. Vita vilipokwisha alirudi Oxford kuimaliza shahada yake.

Mwaka 1948 alihamia Marekani, na punde akaajiriwa na kampuni ya IBM. Lakini mwaka 1953, wakati Seneta Joseph McCarthy alipokuwa akiwaandama watu kwa tuhuma za siasa, Codd alichukizwa, akahamia Canada. Alirejea mwaka 1957, akafanya shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Michigan, kisha akapelekwa kwenye maabara ya IBM huko San Jose, California.

Hapo ndipo alipoitazama kwa makini ile dhiki ya masjala. Katika mitambo ya wakati ule, habari zilipangwa kama matawi ya mti. Programu iliyotaka habari moja ilipaswa kuijua njia yote, tawi hadi tawi. Mpango ulipobadilishwa, programu zilizotegemea njia ile zilipotea, nazo zikabidi kuandikwa upya.

Mwezi Juni, 1970, Codd alitoa makala katika jarida la wataalamu wa kompyuta, akapendekeza mpango mwingine. Habari zote ziwekwe katika majedwali yenye mistari na safu. Kila jambo liandikwe mara moja, mahali pake. Mwenye haja aseme anachotaka, na kompyuta yenyewe iitafute njia ya kukifikia.

Tutoe mfano wa ofisi ya baruapepe ya kambi. Ofisi hiyo ina watumishi watatu. Wa kwanza ni programu ipokeayo barua kutoka nje, kwa kanuni zilizoandikwa na Mmarekani Jon Postel mwaka 1982. Wa pili ni hazina ya kuwekea barua. Wa tatu ni programu inayomfungulia msomaji sanduku lake. Mitambo mingi huziweka barua katika mafaili ya kawaida. Lakini iko mingine, kama ule uitwao DBMail, iziwekayo katika majedwali ya namna ya Codd: jedwali la watumiaji, jedwali la masanduku, jedwali la barua. Amri ya mkuu wa kikosi ikipelekwa kwa maafisa 300, maneno yake yaweza kuandikwa mara moja tu, na mistari 300 mifupi ikaonyesha walioipokea. Afisa akibadilishiwa anwani, hurekebishwa mstari mmoja, na barua zake haziguswi. Mkuu akitaka kujua nani hajaifungua amri ya Jumatatu, swali moja latosha.

Wakubwa wa Codd hawakulipokea wazo lake kwa haraka. IBM ilikuwa ikiuza mtambo wake wa mpango wa matawi, uliozaliwa katika kazi ya vyombo vya Apollo vya kwendea mwezini, nao ulileta fedha nyingi. Mtumishi asemaye kwamba bidhaa ya nyumba yake imepitwa na wakati hawezi kutarajia kupendwa. Codd hakuihama kazi wala hakunyamaza. Aliendelea kuandika, na mwaka 1974 alisimama hadharani kujadiliana na Charles Bachman, bingwa wa mpango wa zamani.

Hatimaye IBM iliujenga mtambo wa majaribio. Lakini lugha ya kuulizia, iitwayo SQL, ilitungwa na wengine, na Codd alilalamika kwamba imekengeuka nadharia yake. Nao waliowahi sokoni, mwaka 1979, walikuwa kampuni ndogo ambayo leo yaitwa Oracle. Mwaka 1981 alitunukiwa Tuzo ya Turing, iliyo kuu kupita zote katika fani ya kompyuta. Alifariki tarehe 18 Aprili, 2003, huko Florida, akiwa na umri wa miaka 79.

Sisi tulio katika utumishi twafundishwa utii, na ni haki. Lakini utii hauwi kumficha mkuu kasoro uionayo. Codd aliisema kasoro waziwazi, kwa hoja, akibaki kazini mwake, na miaka mingi alisubiri kusikilizwa. Karani wa silaha aonaye kwamba daftari lake laweza kuficha bunduki iliyopotea, na asiseme, amekwisha kuipoteza bunduki hiyo.