Eiji Sawamura: Mkono Uliowashangaza Wamarekani

Sisi watu wa mwambao mapenzi yetu ni kandanda, na baadhi ya wazee wetu waliiona krikiti ikichezwa Mombasa. Besiboli, mchezo wa Wamarekani na Wajapani, hatuna mazoea nayo. Hata hivyo, leo nataka kumtaja kijana mmoja wa Kijapani aliyepata sifa kwa mchezo huo akiwa na umri wa miaka 17, akafa akiwa na miaka 27. Jina lake ni Eiji Sawamura. Habari zake nimezisoma mara nyingi, na kila nikizisoma linalonikaa moyoni si ushindi wake, bali gharama aliyoulipia.

Asiyeujua mchezo huu atanielewa nikisema kwamba kiini chake ni watu wawili. Mmoja hurusha mpira mdogo mgumu, wenye uzito wa gramu 145 hivi. Wa pili hushika gongo na kujaribu kuupiga. Mpigaji akikosa mara tatu hutoka. Akiupiga ukavuka ua wa uwanja, huzunguka vituo vyote vinne na kuipatia timu yake pointi. Mrushaji basi ndiye nguzo ya timu, na mkono wake ndio mtaji wake.

Sawamura alizaliwa tarehe 1 Februari 1917 katika mji wa Ujiyamada, ambao siku hizi huitwa Ise, mkoa wa Mie. Alisoma katika shule ya biashara mjini Kyoto, na akaichezea shule hiyo kwenye mashindano makubwa ya wanafunzi katika uwanja wa Koshien. Alikuwa na tabia ya kuuinua mguu wake juu sana kabla ya kuuachia mpira, na mpira ulipomtoka ulikwenda kwa kasi iliyowababaisha wenzake wote.

Mwaka 1934 gazeti la Yomiuri liliwaalika Japani wachezaji hodari wa Marekani, Babe Ruth akiwa mmoja wao. Wakati huo Japani haikuwa bado na ligi ya kulipwa, ikabidi itafutwe timu ya kupambana na wageni. Sawamura akaitwa. Hapo kijana alijikuta kwenye njia panda, kwani mwaka 1932 serikali ilikuwa imetoa amri ya kuwakataza wanafunzi kucheza pamoja na wachezaji wa kulipwa. Kuingia uwanjani kulikuwa ni kuiacha shule, na kuiacha shule kulikuwa ni kuliaga tumaini la chuo kikuu. Akaiacha.

Simlaumu. Nani katika sisi hakuwahi kukaa chuoni na juzuu yake mapajani, hali masikio yako nje kwenye kelele za mpira? Sisi mwalimu alituzuia kwa jicho tu. Yeye aliitwa na taifa zima.

Tarehe 20 Novemba 1934, katika uwanja wa Kusanagi mjini Shizuoka, kijana huyo alisimama mbele ya Wamarekani. Aliwatoa Charlie Gehringer, Babe Ruth, Lou Gehrig na Jimmie Foxx, mmoja baada ya mwingine. Kwa jumla wapigaji 9 walikosa mpira wake na kutoka. Ilipofika zamu ya saba, Gehrig alimpata mara moja, mpira ukavuka ua, na Wamarekani wakashinda kwa 1-0. Wageni hao walishinda kila mechi waliyocheza na timu hiyo ya Japani, na siku nyingine Sawamura mwenyewe walimpiga vibaya. Lakini Wajapani waliikumbuka siku ile aliyoshindwa kwa pointi moja kuliko ushindi mwingi.

Mwezi Desemba wa mwaka huo huo ikaundwa klabu ya kulipwa, ambayo baadaye iliitwa Giants ya Tokyo. Mwaka 1935 Sawamura alizunguka nayo Marekani. Ligi ilipoanza mwaka 1936, yeye alikuwa wa kwanza kumaliza mechi nzima pasi na mpinzani kumpiga mpira wa kumfikisha kituoni. Ilikuwa tarehe 25 Septemba, dhidi ya Tigers ya Osaka. Msimu wa machipuko wa 1937 alishinda mechi 24 na kushindwa 4, akatunukiwa kuwa mchezaji bora. Umri wake ulikuwa miaka 20.

Na miaka 20 ndio umri wa kuitwa jeshini. Mwanafunzi wa chuo kikuu aliweza kuahirishiwa wito huo. Sawamura hakuwa mwanafunzi tena. Mwaka 1938 akachukuliwa, akapelekwa vitani China. Wakubwa wake wa jeshi walikijua kipaji chake, wakamfanya mrushaji wa mabomu ya mkono. Bomu la namna hiyo lina uzito wa karibu mara tatu ya mpira. Bega likaharibika. Alipigwa risasi mkono wa kushoto, na malaria ikamwandama. Aliporudi mwaka 1940, mkono haukuweza tena kupanda juu. Akajifunza kurusha kwa upande. Hata hivyo, mwezi Julai alimaliza mechi ya tatu ya aina ile pasi na kupigwa.

Akaitwa mara ya pili. Aliporudi mwaka 1943 hakushinda mechi hata moja, na klabu ikaachana naye. Mwaka 1944 akaitwa mara ya tatu. Tarehe 2 Desemba meli iliyowabeba askari ilipigwa topido na Wamarekani, taifa lile lile lililomtoa jina, akazama nayo. Aliacha mke na binti mchanga.

Sisemi kwamba shule ingemwokoa. Mwaka 1943 wanafunzi nao walianza kuchukuliwa. Lakini ingaliweza kumpa miaka mitano ya mkono mzima, na mchezaji wa umri ule miaka mitano ni maisha yake yote. Wala sisemi kwamba kosa ni la kijana. Wakubwa waliomtaka awe fahari yao wakiwa na wageni ndio waliomwekea sharti la kuiacha shule, na wakubwa waliokijua kipaji chake ndio waliokimaliza kwa mabomu.

Tangu mwaka 1947 kuna tuzo yenye jina lake kwa mrushaji bora wa Japani, na jezi yake nambari 14 klabu haimpi mtu mwingine. Huko Kusanagi yamesimamishwa masanamu mawili, lake na la Babe Ruth. Hayo ni malipo mema, ila yalikuja baada ya mwenyewe kuondoka. Mwenye kijana hodari nyumbani, naamwulize anayemsifu leo: kesho utamweka wapi?