Andrei Tarkovsky: Msanii Aliyekataa Kumnyamazisha Mtawa

Andrei Tarkovsky alizaliwa nchini Urusi tarehe 4 Aprili 1932, mtoto wa mshairi Arseny Tarkovsky. Alikulia katika Umoja wa Kisovyeti, ambamo makanisa mengi yalikuwa yamefungwa, na filamu haikuonyeshwa pasipo kibali cha Serikali.

Baada ya filamu yake ndefu ya kwanza kutuzwa Simba wa Dhahabu huko Venezia mwaka 1962, alithubutu kusimulia habari za Andrei Rublev, mtawa aliyechora picha takatifu ya Utatu Mtakatifu. Katika filamu hiyo, mtawa anamuua askari ili kumwokoa mwanamke. Kisha, kwa majuto, anaacha kuchora na kuweka nadhiri ya kunyamaza. Miaka inapita. Siku moja anamwona kijana yatima akisubu kengele kubwa, ilhali baba yake alikufa bila kumfundisha siri ya kazi hiyo. Kengele inapolia, kijana anaanguka chini akibubujikwa na machozi. Mtawa anamkumbatia, naye anafumbua kinywa tena.

Filamu ilikamilika mwaka 1966. Wakaguzi walidai ikatwekatwe. Tarkovsky alikubali kufupisha baadhi ya sehemu, lakini alikataa kuiondolea kiini chake; basi ikazuiliwa. Mwaka 1969 ilionyeshwa Cannes, Ufaransa, nje ya mashindano, saa kumi alfajiri. Hata hivyo wahakiki wa kimataifa waliitunuku. Wananchi wenzake waliruhusiwa kuitazama mwaka 1971.

Mwaka 1984, akiwa Milano, Italia, alitangaza kwamba hatarudi nyumbani. Uamuzi huo ulikuwa na msalaba wake: mwanawe mdogo alizuiliwa kutoka nchini. Baba na mwana walikutana tena Januari 1986, saratani ikiwa imekwisha kumshika baba. Filamu yake ya mwisho, Sadaka, aliitoa kwa heshima ya mwana huyo. Alifariki Paris tarehe 29 Desemba 1986.

Miaka miwili baadaye, Kanisa la Kiorthodoksi la Urusi lilimtangaza Rublev kuwa Mtakatifu. Mwaka 1995, Vatican iliiweka filamu hiyo, pamoja na Sadaka, katika orodha ya filamu 45 zilizo bora. Wakaguzi waliweza kuichelewesha kengele. Kuizuia isilie hawakuweza. Nasi waamini tujiulize: ni ukweli gani tuliokabidhiwa, ambao kwa hofu tungali tumeunyamazia?