Carl Akeley, mwindaji aliyewaombea gorila hifadhi

Lori likitoka Kasese na kukata kulia pale Kikorongo kuelekea Bwera, linapita kwenye Hifadhi ya Queen Elizabeth. Likishamaliza mambo ya forodha Mpondwe na kuvuka hadi Kasindi, barabara ya Beni inaliingiza katika Hifadhi ya Virunga. Dereva huhesabu vizuizi na bei ya dizeli, wala hana muda wa wanyama. Lakini Virunga ina mtu aliyeihangaikia kabla haijakuwapo, na mtu huyo amezikwa humo humo.

Carl Akeley alizaliwa mwaka 1864 kwenye shamba huko Clarendon, jimbo la New York, Marekani. Shule aliipata kidogo. Kazi aliyoipenda ilikuwa kuchukua ngozi ya mnyama aliyekufa na kuitengeneza mpaka mtazamaji adhani yu hai. Mafundi wengi wa wakati ule walishindilia majani makavu ndani ya ngozi, kama mtu anayefunga mtumba. Yeye alifinyanga kwanza mwili na misuli yake, kisha akauvika ngozi. Mwaka 1885 alishiriki kumtengeneza Jumbo, tembo wa sarakasi aliyegongwa na treni Kanada.

Afrika aliifikia mwaka 1896, nchi ya Wasomali, akitafuta wanyama wa kupeleka makumbusho ya Chicago. Huko chui alimrukia akamtafuna mkono. Akeley alimuua kwa mikono mitupu, akimkaba koo na kumponda kifua kwa magoti. Mwaka 1910, kwenye misitu ya Mlima Kenya, tembo alimgandamiza chini na kumvunja mbavu. Wapagazi waliamini amekufa. Mkewe wa wakati huo, Delia, ndiye aliyepanda mlimani na msafara wa kumwokoa.

Vitabu vingi humsifu kama shujaa aliyesafiri peke yake. Si kweli. Mizigo yote ilibebwa na watu wa huku kwetu, na mmoja wao, Mkikuyu aliyeitwa Uimbia Gikungu, alijiunga naye akiwa mvulana mwaka 1905 na akawa naye tena katika safari ya mwisho.

Mwaka 1921 alipanda volkano za Mikeno na Karisimbi, upande wa Kongo ya Wabelgiji. Alitaka gorila kwa ajili ya makumbusho ya New York, na msafara wake uliua watano. Hapo hapo, kwa kamera aliyoibuni mwenyewe, alipiga filamu ya gorila walio hai porini. Siku zile gorila alisimuliwa kama zimwi linaloteka watu. Akeley aliona familia iliyokuwa ikila majani na kulinda watoto wake. Akatambua kwamba wawindaji kama yeye wakiendelea kuja, watamalizika.

Aliporudi hakunyamaza. Aliwasumbua wakubwa wa Ubelgiji kwa barua na hoja, na tarehe 21 Aprili 1925 Mfalme Albert akatia saini amri ya kuanzisha hifadhi ya taifa, inayohesabiwa kuwa ya kwanza Afrika. Miaka iliyofuata mipaka ikapanuliwa kaskazini hadi Rwenzori. Wafugaji na wakulima wa miteremko ile hawakuulizwa. Mgogoro wa ardhi uliozaliwa wakati huo haujaisha, na walinzi zaidi ya 200 wameuawa wakiwa kazini.

Mwaka 1926 alirudi na mke wake wa pili, Mary Jobe, pamoja na wachoraji. Safari hii alitaka kuchunguza na kuchora. Homa ilimshika njiani. Alifika Kabara, kwenye bega la Mikeno, akiwa amebebwa, akafa tarehe 17 Novemba. Walimzika pale pale. Mary alibaki mlimani akasimamia kazi mpaka ikamalizika, na mwaka 1936 ukumbi wenye jina la mumewe ulifunguliwa New York, gorila wa Mikeno wakiwa ndani yake.

Gorila wa milimani leo wamepita 1,000. Msomaji anayetaka kuwaona, akiwa Kikorongo, njia ni kusini kupitia Katunguru na Ishasha hadi Bwindi. Sokwe wako karibu zaidi, katika bonde la Kyambura. Kibali cha gorila hukatwa mapema kwa mamlaka ya wanyamapori ya Uganda, na raia wa Afrika Mashariki hulipa pungufu sana kuliko mgeni wa ng'ambo, basi usisahau kitambulisho. Upande wa Virunga, uliza kwanza hali ya usalama. Watoto chini ya miaka 15 hawaruhusiwi. Kundi ni watu wanane, muda wa kukaa na gorila ni saa moja, na mwenye mafua au kikohozi harusiwi kuwakaribia, maana ugonjwa wetu huwaambukiza.