Livingstone: daktari aliyeishiwa maji na damu safarini

Nje kidogo ya mji wa Tabora, pale Kwihara, ipo nyumba ya tembe ambayo leo ni makumbusho. Wageni huenda kusikia habari za msafiri aliyepinga biashara ya utumwa. Mimi kama daktari, nikiingia mle namwona mgonjwa.

David Livingstone alizaliwa Scotland mwaka 1813. Alianza kazi katika kiwanda cha pamba akiwa na miaka 10, akafuzu udaktari mwaka 1840. Safari yake ya mwisho aliianzia Zanzibar mwaka 1866. Mwaka uliofuata wapagazi walitoroka na sanduku lake la dawa. Kuanzia hapo afya yake ikawa ya kupanda na kushuka: homa, kuhara damu, na bawasiri iliyomvujisha damu kwa miaka mingi.

Hata vidonge alivyovibuni mwenyewe kutibu homa vilichanganya kwinini na dawa za kuharisha. Siku hizo iliaminika kwamba tumbo likisafishwa, homa hutoka. Leo tunajua kuwa kila choo cha maji hutoka na chumvi za mwili, hasa sodiamu na potasiamu. Zikipungua sana, misuli hulegea, akili huchanganyikiwa na moyo hupiga ovyo.

Februari 1872 alifika Kwihara pamoja na Stanley, ambaye alimsihi arudi kwao akatibiwe. Alikataa. Alibaki hapo hadi Agosti akisubiri wapagazi, kisha akaelekea kusini kwenye mabwawa ya Bangweulu. Aprili 1873 alikuwa akitokwa damu nyingi, hawezi tena kutembea. Susi, Chuma na wenzao walimbeba kwenye machela. Siku zake za mwisho aliagiza mbuzi wa maziwa watafutwe, lakini hawakupatikana. Alifariki usiku wa kuamkia Mei 1, kijijini kwa Chitambo, Zambia ya leo. Wenzake walipoufungua mwili ili waukaushe, walikuta tumboni bonge la damu iliyoganda. Walimbeba hadi pwani, wakipitia Kwihara, na Aprili 1874 akazikwa London.

Wauguzi wake walikuwa waaminifu kupita kiasi, ila hawakuwa na cha kumrudishia kilichopotea. Makundi ya damu yaligunduliwa na Karl Landsteiner mwaka 1901.

Sisi tunavyo. Mzazi, mtoto akianza kuhara, usingoje alegee. Changanya pakiti ya ORS na maji safi na salama kwa kipimo kilichoandikwa juu yake. Kila anapohara, aliye chini ya miaka 2 apewe mililita 50 hadi 100 kwa kijiko, mkubwa zaidi 100 hadi 200. Akitapika, subiri dakika 10, kisha endelea polepole. Usimwachishe kunyonya. Kituoni atapewa pia vidonge vya zinki. Macho yakidumbukia, akishindwa kunywa, akilegea au choo kikiwa na damu, mpeleke hospitali saa hiyohiyo. Wala usimpe dawa ya kuharisha ili kusafisha tumbo.

Na wewe unayevuja damu ya bawasiri kimyakimya kwa sababu ya aibu, nenda ukapimwe. Ukihitaji kuongezewa damu, muuguzi atahakiki jina lako na kundi la damu, atapima joto, mapigo na presha, kisha atakuwa karibu nawe hasa dakika 15 za mwanzo. Ukisikia baridi, kuwashwa, kifua kubana au mgongo kuuma, mwambie mara moja. Usivumilie.

Tabora pana kituo cha kanda cha damu salama. Mwenye afya njema apite akachangie. Livingstone alikuwa daktari, akajua anaumwa, akaahirisha matibabu. Sisi tusiahirishe.