TAFAKARI YA RAMADHANI, SIKU YA 12: Ummu Salama, mama aliyehama na mtoto mapajani



Baba zangu, mama zangu, vijana wetu wa Handeni na Korogwe, poleni na swaumu. Allah aikubali.

Leo naanzia stendi. Aliyewahi kukaa stendi ya Korogwe au pale Chanika, Handeni, ameshamwona mama huyu. Anashuka kwenye gari na watoto watatu. Mmoja yuko mgongoni, mmoja ameshika kanga yake, mkubwa amebeba ndoo yenye sufuria ndani. Godoro limefungwa kwa kamba. Hakuna mwanamume nyuma yake. Labda amefiwa, labda ameachwa, labda mume aliaga anakwenda machimboni na huu mwaka wa tatu hajapiga simu. Mama ameamua kuhama, aanze upya mahali ambapo hakuna anayemjua.

Anafika mtaani kwetu, na swali la kwanza analoulizwa tunalijua sote. Si kama watoto wamekula. Anaulizwa mumewe yuko wapi. Mwenye nyumba akiona watoto watatu anasema chumba kimeshachukuliwa. Majirani wanaanza kuhesabu nani anaingia kwake na nani anatoka.

Basi tusikilize maisha ya mama mmoja aliyehama hivyo hivyo. Tunamwita Mama wa Waumini, lakini kabla hajaitwa hivyo alikuwa mama mwenye mtoto njiani.

*Binti wa nyumba kubwa*

Jina lake ni Hind binti Abi Umayya, wa ukoo wa Bani Makhzum, moja ya koo zenye nguvu sana Makka. Baba yake alikuwa mkarimu mpaka akapewa jina la chakula cha msafiri, kwa sababu aliyesafiri naye hakuwa na haja ya kubeba kitu. Yaani huyu binti hakukulia shida. Aliolewa na Abdullah bin Abdil-Asad, maarufu kama Abu Salama, mtoto wa shangazi yake Mtume (s.a.w.) na pia ndugu yake wa kunyonya.

Wote wawili walisilimu mapema sana. Mateso ya Makureshi yalipozidi, mwaka wa tano wa utume, karibu mwaka 615 Miladia, walivuka bahari wakaenda Habasha, huku huku Afrika Mashariki yetu. Huko walipokelewa na mfalme ambaye hakuwa wa kabila lao wala, wakati ule, wa dini yao. Kwa hiyo ugeni Ummu Salama aliuonja mapema. Alijua maana ya kuishi kwa watu ambao hata salamu yao huielewi.

*Mwaka mmoja wa machozi*

Walirudi Makka, mateso yakaendelea, na sasa mlango uliofunguka ulikuwa wa Madina. Abu Salama akamtandika ngamia, akampandisha mkewe na mtoto wao mdogo Salama, wakaondoka. Hawakufika mbali. Wanaume wa ukoo wa mke wakawafuata na kumwambia Abu Salama kwamba yeye aende atakako, lakini binti yao hawamruhusu kuzungushwa nchi kwa nchi. Wakamnyang'anya kamba ya ngamia. Ukoo wa mume nao wakaja juu: kama mnamchukua mke, basi mtoto ni wetu. Wakamvutana yule mtoto, huyu huku, huyu kule, mpaka mkono wake ukateguka.

Hebu tulia hapo kidogo. Mtoto mdogo, mkono umeteguka, kwa sababu watu wazima wanagombania heshima ya ukoo. Sisi tunaosuluhisha ndoa hapa kwetu tumeyaona haya. Wakubwa wanavutana, na anayeteguka ni mtoto.

Mume akaenda Madina, mtoto akachukuliwa na ukoo wa baba, mama akabaki kwa ukoo wake. Familia ya watu watatu ikawa sehemu tatu. Ummu Salama alikuwa akitoka kila asubuhi, anakwenda kukaa kwenye bonde la Abtah, analia mpaka jioni. Alifanya hivyo mwaka mzima au karibu na mwaka. Mwishowe mmoja wa jamaa zake akapita, akamhurumia, akaenda kuwasema ndugu zake kwa kumtenganisha mwanamke huyu maskini na mumewe na mwanawe. Maneno ya mtu mmoja tu yalitosha. Wakamwachia, na upande wa pili wakamrudishia mwanawe.

*Safari*

Hakusubiri msafara. Alipanda ngamia wake, akamweka Salama mapajani, akaelekea Madina, mwendo wa zaidi ya kilomita 400 za jangwa. Kutoka Handeni mpaka Korogwe hata kilomita 100 hazifiki, na bado mama mwenye watoto akishuka anakuwa hoi. (Msiniulize habari ya mahram. Maulamaa wameshalieleza hilo, ile ilikuwa hijra ya dharura.)

Alipofika Tan'im, pale ambapo leo mahujaji wetu wanakwenda kuhirimia umra, alikutana na Uthman bin Talha. Huyu bwana wakati huo hakuwa Muislamu. Alimuuliza anakwenda wapi na yuko na nani. Alipojua kwamba hana mtu isipokuwa Allah na yule mtoto, akaona si haki kumwacha. Akashika kamba ya ngamia, akaanza kumwongoza kwa miguu.

Sasa angalieni namna alivyomsaidia, maana darsa yetu ya leo iko hapa. Wakifika mahali pa kupumzika, anampigisha ngamia magoti kisha anakwenda pembeni mpaka mama ashuke. Akishashuka, anarudi, anamchukua ngamia na kumfunga kwenye mti, halafu yeye anakwenda kulala chini ya mti mwingine, mbali. Wakati wa kuondoka ukifika, anamleta ngamia, anamwandaa, anarudi nyuma mpaka mama apande na akae sawa, ndipo anashika kamba. Siku zote ilikuwa hivyo mpaka vikaonekana vijiji vya Quba. Akamweleza kwamba mumewe yuko kijiji kile, aingie kwa baraka za Allah. Kisha akageuza, akarudi Makka kwa miguu. Hakudai malipo. Hakuchukua namba ya simu, kama tungesema kwa lugha ya leo.

Ummu Salama alimshuhudia maisha yake yote kwamba hakupata kuona mwenza wa safari mwenye heshima kama yeye. Miaka baadaye Uthman alisilimu, na Makka ilipofunguliwa Mtume (s.a.w.) alimkabidhi ufunguo wa Al-Kaaba. Ufunguo huo uko katika ukoo wake mpaka leo.

*Mjane ugenini*

Familia iliungana Madina, watoto wakaongezeka. Abu Salama alipigana Badr, na katika Uhud, mwaka wa 3 Hijria, alijeruhiwa. Jeraha lilionekana limepona, kumbe ndani bado. Mwaka wa 4 alitumwa kuongoza kikosi, akarudi jeraha limefumuka, akafariki. Mtume (s.a.w.) mwenyewe alimfumba macho na kuwaombea yeye na kizazi chake.

Ummu Salama akabaki na watoto wanne kwa hesabu iliyo mashuhuri: Salama, Umar, Durra na Zaynab. Uchungu wake mkubwa ulikuwa kwamba mumewe amefia ugenini, mbali na kwao. Alikuwa amejiandaa kumlilia kilio cha kusimuliwa, na mwanamke mmoja wa pembeni ya mji alishakuja kumsaidia kulia. Mtume (s.a.w.) akawazuia kuomboleza kwa namna ile, naye akanyamaza. Akashika dua aliyofundishwa na mumewe, ya kumrudia Allah wakati wa msiba na kumuomba badala iliyo bora. Aliisoma huku moyoni akijiuliza ni nani atakayekuwa bora kuliko Abu Salama. Hakujifanya. Alikuwa na shaka na akaomba hivyo hivyo.

Eda ilipokwisha aliposwa na Abu Bakr (r.a.), hakukubali. Imepokewa kwamba Umar (r.a.) naye alimposa, hakukubali. Kisha akaja mjumbe wa Mtume (s.a.w.). Yeye akaeleza hali yake bila kuficha: umri umesogea, ana wivu mkubwa, na ana watoto wengi wa kulea. Mtume (s.a.w.) akamjibu kila moja. Umri, naye umri umemsogea. Wivu, atamuomba Allah auondoe. Na watoto wake wako chini ya Allah na Mtume wake.

Hapo ndipo wengi wetu tunapoanguka. Mwanamume anamtaka mama, anauliza watoto watakwenda kwa bibi yao lini.

Ndoa ilifungwa Shawwali mwaka wa 4. Inasimuliwa kwamba usiku ule ule bibi harusi aliingia chumbani, akakuta shayiri kidogo, jiwe la kusagia na chungu, akasaga na kupika mwenyewe. Na Zaynab alikuwa bado ananyonya. Mtume (s.a.w.) akija anamkuta mama na mtoto kifuani, anaona haya, anarudi. Hakumkemea mama wala mtoto. Ammar bin Yasir, ndugu wa Ummu Salama wa kunyonya, alipotambua, akamchukua mtoto kumsaidia dada yake. Na Mtume (s.a.w.) akija anamuulizia yule mtoto yuko wapi.

Umar naye alilelewa nyumba hiyo. Yeye ndiye kijana ambaye mkono wake ulikuwa ukizunguka sahani nzima, Mtume (s.a.w.) akamfundisha kwa upole ataje jina la Allah, ale kwa mkono wa kulia, ale kilicho mbele yake. Adabu tunayowafundisha watoto wetu kila futari tumeipata kupitia yatima mmoja aliyekaa kwenye sahani ya baba wa kambo. Zaynab alikuja kuwa miongoni mwa wanawake wenye elimu kubwa ya fiqhi Madina.

*Swali lake*

Siku moja Ummu Salama aliuliza jambo ambalo kila mama anayelea peke yake amewahi kujiuliza usiku. Alimuuliza Mtume (s.a.w.) kama anapata thawabu kwa anachotumia kwa watoto wa Abu Salama, hali hawezi kuwaacha wahangaike, maana ni wanawe. Akajibiwa kwamba ndiyo, ana thawabu ya kile anachowatumilia. Hadithi hii wameipokea Bukhari na Muslim.

Mama unayeuza vitumbua Manundu, unayelima kibarua kwenye mkonge, unayeamka saa kumi kuchota maji ukiwa umefunga, jibu hilo ni lako. Unga ule wa watoto Allah anauhesabu.

*Alivyoishia*

Mwaka wa 6, kule Hudaybiyya, masahaba walielemewa na huzuni, wakasita kuchinja na kunyoa. Ummu Salama ndiye aliyemshauri Mtume (s.a.w.) atoke bila kusema na mtu, achinje wa kwake na anyolewe. Alipofanya hivyo, watu wote wakainuka. Mama aliyekuwa akilia bondeni sasa rai yake inauokoa umma mzima. Alipokea hadithi zaidi ya 300, na moja ya hizo ni dua ya kutoka nyumbani, ya kujikinga na kupotea, kuteleza, kudhulumu na kudhulumiwa. Aliyetupokelea dua hiyo alijua kutoka nyumbani ni nini. Aliishi zaidi ya miaka 80, na kwa kauli mashuhuri ndiye wa mwisho kufariki katika wake za Mtume (s.a.w.). Amezikwa Baqii.

*Tuondoke na nini leo?*

Tusidanganyane. Kila mtaa wa Handeni na Korogwe una mama aliyehamia mwaka huu na watoto wake. Ukiyatazama maisha haya, utaona Ummu Salama hakufika kwa sababu watu wote walikuwa wema. Jamaa mmoja alisema neno, bwana mmoja akashika kamba ya ngamia, na nyumba moja ikawapokea watoto pamoja na mama yao.

Kwa hiyo, mwenye chumba, usimnyime mtu kwa sababu ya watoto. Ustadh wa madrasa, mpokee mtoto kwanza, habari ya ada itazungumzwa baadaye. Mwanamume unayetaka kusaidia, saidia kama Uthman bin Talha: mbele za watu, au kupitia mkeo, au kupitia kamati ya msikiti, kisha urudi nyuma. Msaada unaomfanya mama asemwe vibaya mtaani umemuongezea mzigo. Na akina mama, mkipika futari, tumeni bakuli la uji na muhogo nyumba ya mgeni kabla ya kuuliza mumewe yuko wapi. Huenda mkipeleka mara tatu, atawaeleza mwenyewe.

Tuko katika kumi la maghfira. Tunamuomba Allah atusamehe tulivyowatazama wageni wetu, awarehemu waliokufa mbali na kwao, awape subira na badala iliyo bora akina mama wanaolea peke yao, na azijaalie nyumba zetu ziwe na nafasi ya mtoto mmoja zaidi kwenye sahani. Amin.

Mtumie na mwenzako. Wabillahi tawfiq, wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.