Livingstone: Msoma nyota wa Ujiji aliyefichuliwa na kamera isiyojua rangi

WAVUVI wa dagaa wa Ziwa Tanganyika hupenda usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka, mwanga wa taa zao hauna nguvu ya kuwakusanya samaki. Mtu anayeteremka kutoka Gungu, kata iliyomo katika Manispaa ya Kigoma-Ujiji, hadi ufukweni usiku wa namna hiyo huona safu ya taa majini, na juu yake anga lililojaa nyota, Kilimia ikiwa miongoni mwake.

Giza la namna hiyo ndilo linalotafutwa na wapiga picha wa anga la mbali, wale wanaonasa mawingu ya gesi na makundi ya nyota ambayo jicho la binadamu haliyaoni. Wengi wao hutumia kamera ya nyeusi na nyeupe, kisha hujifunza kwa muda mrefu namna ya kuziunganisha picha zake hadi kilichofichika kionekane.

Mbinu inayofanana sana na hiyo ilitumika kumsoma upya mtu ambaye jina lake halitenganishwi na Ujiji, yaani Dk. David Livingstone. Yeye mwenyewe alizisoma nyota kwa zaidi ya miaka 30. Kilichopatikana katika karatasi zake kinawagusa hadi leo wenyeji wa mwambao huo, hasa wale ambao asili yao ni Manyema, ng'ambo ya ziwa.

Mtoto wa kiwandani

Livingstone alizaliwa Machi 19, 1813, katika mji wa Blantyre, Scotland. Familia yake ilikuwa ya kimaskini, na akiwa na umri wa miaka 10 alianza kazi katika kiwanda cha kusokota pamba. Zamu ilianza alfajiri na kumalizika usiku. Kwa sehemu ya mshahara wake wa kwanza alinunua kitabu cha sarufi ya Kilatini, na baadaye alizoea kuweka kitabu juu ya mashine ili asome sentensi moja moja kila alipopita.

Mwaka 1836 alianza masomo ya udaktari mjini Glasgow, akafuzu Novemba 1840. Mwezi uliofuata alipanda meli iliyoitwa George kwenda Afrika Kusini, akiwa mmisionari wa Chama cha Wamisionari cha London.

Ni katika safari hiyo ndipo alipoanza kujifunza nyota. Nahodha wa meli alimfundisha kutumia chombo cha kupimia pembe kati ya nyota na upeo wa macho, na mara nyingi wawili hao walikesha pamoja sitahani. Mwaka 1852, akiwa Cape Town, alirudi tena kuwa mwanafunzi, safari hii chini ya Thomas Maclear, mkuu wa kituo cha unajimu cha serikali ya Uingereza huko Rasi.

Elimu hiyo haikuwa ya anasa. Msafiri asiye na ramani huweza kujua yuko umbali gani kutoka ikweta kwa kupima kimo cha jua au nyota. Kujua yuko umbali gani mashariki au magharibi ni kazi nyingine, kwa kuwa huhitaji saa iliyo sahihi kabisa. Dunia huzunguka nyuzi 15 kwa saa, hivyo saa ikikosea dakika moja tu, msafiri aliye karibu na ikweta hukosea mahali alipo kwa takriban kilometa 28. Njia nyingine ni kupima nafasi kati ya mwezi na nyota fulani, kisha kufanya hesabu ndefu kwa majedwali.

Kwa maarifa hayo Livingstone alivuka Afrika kutoka Luanda, upande wa Atlantiki, hadi Quelimane, upande wa Bahari ya Hindi, alikofika Mei 1856. Vipimo vyake alivituma kwa Maclear, ambaye alivikagua na kuvisifu. Sifa za safari hiyo zilimfanya shujaa nchini Uingereza.

Safari ya pili, ile ya Mto Zambezi kati ya mwaka 1858 na 1864, haikuwa na heri. Mkewe, Mary, alifariki dunia huko Shupanga Aprili 1862, na serikali ikauvunja msafara huo.

Saa zilizoharibika

Livingstone alifika Zanzibar Januari 1866 kwa safari yake ya mwisho. Lengo lilikuwa kutafuta chanzo cha Mto Nile na kuieleza dunia biashara ya watumwa. Mwaka uliofuata ulianza kwa misiba miwili. Saa zake za kupimia zilipata hitilafu baada ya aliyezibeba kuanguka, na sanduku la dawa likaibwa. Tangu hapo hakuwa na saa ya kuitegemea wala kwinini ya kumkinga na homa.

Aliingia Ujiji Machi 14, 1869, akiwa mahututi kwa ugonjwa wa mapafu. Aliyemuuguza njiani na kumfikisha hapo alikuwa Mohamad Bogharib, mfanyabiashara wa msafara ule ule wa pembe na watumwa ambao Livingstone aliulaani. Hilo ndilo lililokuwa tatizo kubwa la miaka yake ya mwisho: aliipinga biashara hiyo, lakini alikula chakula cha wafanyabiashara wake na kulindwa na bunduki zao.

Mali aliyotumiwa kutoka pwani alikuta sehemu kubwa imeibwa. Julai mwaka huo alivuka ziwa kwenda Manyema, katika nchi ambayo leo ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Vidonda vya miguu vilimlaza kwa miezi mingi. Machi 1871 alifika Nyangwe, kwenye ukingo wa Mto Lualaba, akiamini kwamba mto huo ndio Nile.

Hapo karatasi na wino vilikuwa vimemwishia. Alichukua gazeti la zamani la London, akaandika shajara yake juu ya maneno yaliyochapwa, kwa wino alioutengeneza kwa mbegu za mmea wa huko.

Julai 15, 1871, ilikuwa siku ya soko Nyangwe. Wauzaji na wanunuzi, wengi wao wanawake, walikuwa wamekusanyika kwa mamia. Ghafla watu wa wafanyabiashara waliotoka mashariki wakafyatua risasi katikati ya umati. Wengine waliuawa papo hapo, na wengi walizama mtoni walipokuwa wakikimbilia mitumbwi. Waliokufa walihesabiwa kwa mamia. Livingstone aliyashuhudia yote, akaandika kwenye vipande vile vya gazeti.

Alirejea Ujiji Oktoba 1871 akiwa amekonda na asiye na kitu, kwani aliyekabidhiwa mali yake alikuwa ameiuza yote. Siku chache baadaye alitokea Henry Morton Stanley, mwandishi wa gazeti la New York Herald. Hata tarehe ya kukutana kwao ina utata, kwa kuwa hesabu za siku za watu hao wawili zilipishana. Pamoja walipanda mtumbwi hadi kaskazini mwa ziwa, wakathibitisha kwamba Mto Rusizi unaingia ziwani na hautoki.

Livingstone aliinakili upya shajara yake katika daftari kubwa, na Stanley akaondoka nalo Machi 1872. Habari za Nyangwe zilipofika Uingereza zilizidisha shinikizo dhidi ya biashara ya watumwa. Juni 5, 1873, Sultani Barghash wa Zanzibar alitia saini mkataba uliofunga soko la watumwa la kisiwa hicho.

Livingstone hakuisikia habari hiyo. Alifariki dunia Mei 1, 1873, kijijini kwa Chitambo, katika Zambia ya leo. Susi, Chuma na wenzao waliubeba mwili wake hadi Bagamoyo, nao ukazikwa London Aprili 1874. Kuhusu Nile alikuwa amekosea. Mwaka 1877 Stanley aliufuata Mto Lualaba hadi Atlantiki, ikadhihirika kuwa ni Mto Kongo.

Kamera isiyojua rangi

Mwaka 1861, Livingstone akiwa Afrika, Mskoti mwenzake James Clerk Maxwell alionyesha mjini London kwamba picha tatu zisizo na rangi, zilizopigwa kupitia kichujio chekundu, cha kijani na cha buluu, zinaweza kuunganishwa zikatoa picha ya rangi. Mwaka 1864 Mwingereza William Huggins aligundua kwamba baadhi ya mawingu ya angani ni gesi, na hutoa mwanga wa rangi chache maalumu. Picha ya kwanza ya wingu la namna hiyo, lile la Orioni, ilipigwa na Mmarekani Henry Draper mwaka 1880, miaka saba baada ya kifo cha Livingstone.

Juu ya misingi hiyo ndipo inaposimama kazi ya mpiga picha wa anga wa leo. Kamera yake hupima kiasi cha mwanga tu. Mbele yake huwekwa vichujio kwa zamu, kimoja cha mwanga wa haidrojeni, kingine cha oksijeni, kingine cha salfa. Kwa kila kichujio hupigwa picha nyingi za dakika kadhaa. Hupigwa pia picha kifuniko kikiwa kimefungwa, ili kasoro za kamera yenyewe zijulikane na kuondolewa.

Baada ya hapo kompyuta huzipanga picha hizo juu ya nyingine hadi kila nyota ikae mahali pake, na kuzijumlisha. Chembechembe za kasoro hupungua, na kilicho cha kweli hubaki. Mwisho, mwanga hafifu huinuliwa taratibu, na kila kichujio hupewa rangi. Mwanafunzi wa kazi hiyo huonywa mapema kwamba akivuta mno, atatengeneza mawingu yasiyokuwapo angani.

Mwaka 2010 utaratibu unaokaribiana na huo ulielekezwa kwenye karatasi za Livingstone. Wino wake wa mbegu ulikuwa umefifia kiasi cha kutosomeka, huku maneno ya gazeti yakiwa bado meusi. Timu iliyoongozwa na Adrian Wisnicki iliiweka kila karatasi gizani, ikaimulika kwa mwanga wa aina moja baada ya nyingine, kuanzia urujuanimno hadi infraredi, na kuipiga picha kila mara kwa kamera ya nyeusi na nyeupe.

Siri ilikuwa katika tofauti ya wino. Chini ya infraredi, wino wa Livingstone hutoweka na maneno ya gazeti hubaki. Chini ya mianga mingine, vyote viwili huonekana. Kwa kulinganisha picha hizo, kompyuta iliweza kulififisha gazeti na kuuinua mwandiko.

Mmoja wa wanasayansi wa timu hiyo alikuwa Roger Easton wa Marekani. Baba yake, mwenye jina hilo hilo, ni miongoni mwa waanzilishi wa mfumo wa satelaiti za kuonyesha mahali, unaofanya kazi kwa saa sahihi zilizowekwa angani. Baba alisaidia kuipa dunia saa ambayo Livingstone aliikosa, na mwana akasaidia kuisoma shajara aliyoiandika akiwa hana saa hiyo.

Kilichoonekana

Kurasa za mwaka 1871 zilitangazwa Novemba 2011. Zilionyesha kwamba Livingstone alipoinakili shajara yake alibadilisha mambo na kuacha mengine. Katika karatasi za awali, watu aliokuwa nao, watumwa waliotumwa kwake kutoka pwani, wanaonekana wakorofi na wakatili zaidi kuliko katika toleo ambalo dunia ililisoma. Wisnicki aliona hata dalili za kutia shaka kwamba huenda baadhi yao walihusika Nyangwe. Livingstone mwenyewe anaonekana mtu mwenye hasira na mashaka, aliyefikiria kutumia nguvu, tofauti na mtakatifu mpole aliyechorwa na vitabu vilivyofuata.

Hayo hayafuti ushuhuda wake. Mauaji ya Nyangwe yalitokea, naye aliyaandika akiwa mgonjwa, akiwategemea kwa chakula watu wa upande wa wauaji. Lakini kwa miaka 140 dunia ilisoma nakala iliyosafishwa, na ilichukua kamera isiyojua rangi kuonyesha kilichoondolewa.

Kwa Ujiji, habari hiyo si ya mgeni mmoja tu. Wamanyema wengi wa mji huo ni wazao wa watu waliovushwa ziwa katika miaka ya misafara, na waliokufa sokoni Nyangwe walikuwa watu wa nchi yao. Majina ya wanawake wale hayapo katika kurasa zile, na hakuna kichujio kitakachoyatoa, kwa kuwa hayakuandikwa. Kamera huinua mwanga uliopo, hata ukiwa hafifu kiasi gani. Ambao haukunaswa hauwezi kuurudisha.