Wesley alijua adabu ya kutoa

Kiswahili kina kitenzi ambacho walimu wenzangu hawakosi kukifahamu: kusimanga. Ni kumtajia mtu wema uliomtendea kwa nia ya kumdunisha. Mimi niliijua maana hiyo kabla ya kukiona kitenzi chenyewe kamusini. Nilipokuwa shule ya upili, mfadhili mmoja alinilipia karo, na kila muhula nikawa nasimamishwa mbele ya gwaride nimshukuru hadharani. Namshukuru hadi leo, lakini kila nimkumbukapo, fedheha huitangulia shukrani. Labda ndiyo sababu maisha ya John Wesley, mwanzilishi wa Umethodisti, yamenivuta kwa miaka mingi ingawa mimi si mfuasi wa kanisa lake.

Wesley alizaliwa mwaka 1703 huko Epworth, Uingereza. Babake alikuwa kasisi wa Kianglikana mwenye watoto wengi na madeni yasiyokwisha. Mwaka 1705 alitiwa gerezani mjini Lincoln kwa kushindwa kulipa. Kwa hiyo mwana huyu, aliyekuja kuwa mwalimu katika chuo kikuu cha Oxford, hakuujulia umaskini vitabuni.

Inasimuliwa kwamba siku moja ya baridi kali huko Oxford alijiwa na mtumishi, msichana aliyevaa kinguo chepesi. Wesley alipopapasa mfuko, alikuta senti chache tu. Fedha nyingine alikuwa amezimaliza kununulia picha za kupambia chumba chake. Tangu hapo picha zile zikawa kama zinamshtaki. Mwaka alipopata pauni 30, alitumia 28 na kutoa mbili. Pato lilipofika pauni 60, bado alitumia 28; lilipofika 120, alitumia zile zile 28 na kutoa 92. Sisi wengine mshahara ukipanda, nyumba nayo hupanda.

Mwaka 1739 alianza kuhubiri nje, uwanjani, karibu na Bristol, na miongoni mwa wasikilizaji wake wakawamo wachimba makaa ya mawe wa Kingswood, watu ambao makanisa ya wakati ule hayakuwa na haja nao. Miaka mitatu baadaye waumini wa Bristol walikuwa na deni la jengo lao. Nahodha mmoja, Foy, akapendekeza kila muumini atoe peni moja kwa juma. Akaambiwa kuwa wengi hawana hata hiyo peni. Akajibu kwamba apewe kumi na mmoja walio maskini kuliko wote awe akiwatembelea; watakaoshindwa, atawalipia yeye. Naupenda sana mpango huo. Mchango wa maskini ulihesabiwa sawasawa na wa tajiri, na aliyelipiwa hakuondolewa katika orodha ya watoaji.

Mwaka 1746 Wesley alifungua zahanati London, akaanzisha na mfuko wa mikopo midogo ya kuwainua mafundi na wachuuzi. Mkopo ulirudishwa katika miezi mitatu. Ila kwangu mimi, mtu wa isimu, lenye uzito zaidi ni agizo alilowapa wasimamizi wa fedha za maskini mwaka 1747. Aliwataka wasimkunjie uso mhitaji wala kumjibu kwa ukali. Wasipokuwa na cha kumpa, wampe angalau neno laini, aondoke mikono mitupu lakini bila kujuta kuja. Tena akawakataza wasitarajie shukrani za mwanadamu. Wahenga wetu walikwisha kulisema hilo: tenda wema nenda zako. Wesley aliligeuza methali kuwa kanuni ya kazi. Hakuwazuia maskini kushukuru, bali alimnyang'anya mtoaji haki ya kuidai shukrani.

Sisemi kuwa alikuwa malaika. Ndoa yake ya mwaka 1751 ilijaa misukosuko, na wafuasi wake aliwatawala kwa mkono mzito. Uzeeni alihuzunika kuona bidii na uwekevu aliowafundisha vikiwatajirisha Wamethodisti, na utajiri huo ukiwafumba mikono. Aliwahimiza wenye mali waende wenyewe kwenye vyumba vya wagonjwa badala ya kutuma fedha kwa mkono wa mtu, kwa maana aliamini kuwa asiyeingia kwa maskini hawezi kumhurumia.

Yeye aliendelea kwenda. Januari 1785, akiwa na umri wa miaka 81, alizunguka London kwa miguu siku tano, theluji iliyoyeyuka ikimfika vifundoni, akiomba pauni 200 za kuwanunulia maskini nguo. Mzee aliyejulikana nchi nzima alikuwa akibisha hodi milangoni mwa matajiri kama ombaomba.

Alifariki tarehe 2 Machi 1791. Miaka 71 baadaye wamisionari wa Kimethodisti walifika pwani yetu na kuanzisha kituo Ribe, karibu na Mombasa. Katika wosia wake alikataza gari la maiti na mapambo ya kifahari. Aliagiza jeneza lake libebwe na maskini sita, na kila mmoja alipwe shilingi 20. Alizikwa kabla ya mapambazuko, tarehe 9 Machi, nyuma ya kanisa lake la City Road. Wale sita walilipwa ujira wa kazi waliyoifanya, na aliyewaajiri hakuwapo tena kushukuriwa.